Tambi za magadi na rojo la nazi: mwongozo kamili wa kupika nyumbani

Ukichemsha spageti ya kawaida ya dukani kwenye maji yenye magadi, haitoki sufuriani kama ilivyoingia. Rangi yake inakolea umanjano, inateleza mdomoni, na ukiing'ata inakataa kidogo kabla ya kukatika. Hiyo ni tabia ya tambi za Kichina na Kijapani, zile ambazo bakuli lake moja kwenye hoteli za mjini linamaliza hela ya sokoni ya siku mbili.

Mimi nazipika karibu kila Ijumaa usiku, nikizimwagia rojo la nazi lenye ukwaju na dagaa. Chakula chenyewe nimekiunga kutoka pande tatu: tambi ni za rameni, ile supu ya tambi ya Japani, mchuzi wa nazi unafanana na laksa, supu ya tambi yenye viungo ya Malaysia na Singapore, na ule ukali wa ukwaju pamoja na vikorombwezo vya juu ni vya urojo wa Unguja. Mtu akisikia hivyo anadhani itabidi anunue chupa kumi za vitu asivyovijua. Hapana. Chupa ya kigeni ni moja tu, ya sosi ya soya, nayo siku hizi ipo hadi kwa Mangi wa duka la mtaani. Vingine vyote tunavyo jikoni tangu zamani, na kila kimoja kinafanya kazi ileile ambayo mwenzake anaifanya huko Asia. Hilo ndilo lililonifanya nikipende chakula hiki, na ndiyo sababu nataka uelewe kazi ya kila kitu kabla hujawasha jiko. Ukielewa, utaweza kubadilisha bila kuharibu.

Mara ya kwanza tenga dakika arobaini na tano. Ukishazoea, nusu saa inatosha.

Magadi yanafanya nini kwenye ngano

Wajapani wana maji maalumu ya kukandia unga wa rameni wanayoyaita kansui. Ndani yake mna kabonati ya sodiamu na kabonati ya potasiamu. Huko Lanzhou, kaskazini-magharibi mwa China, mafundi wa tambi za kuvuta kwa mkono walitumia majivu ya mmea wa jangwani kwa kazi hiyohiyo. Sisi tuna mawe ya magadi, kama yale ya Ziwa Natron na Ziwa Magadi, ambayo ni kabonati na bikabonati ya sodiamu zilizoshikana. Na Waluhya wa magharibi ya Kenya wanachuja maji ya majivu, musherekha, ya kupikia mboga za kienyeji. Yote ni ukoo mmoja.

Bibi yangu aliponiona natia magadi kwenye maji ya tambi alinishika mkono. "Magadi si ndiyo yanalainisha maharage, mjukuu wangu? Hizo tambi si zitakuwa uji?"

Swali lake lilikuwa la maana. Kwenye maharage magadi yanalegeza gundi inayoshikilia ganda na nyama ya punje, ndiyo maana makande yanaiva upesi. Lakini kinachoshikilia tambi ni protini ya ngano, na hiyo ikikutana na magadi inakaza, inakuwa kama wavu uliovutwa. Umanjano nao unatokana na chembe za rangi zilizokuwamo kwenye unga tangu mwanzo. Kwenye maji ya kawaida hazionekani, magadi ndiyo yanayozitokeza. Hata hivyo bibi hakukosea kabisa. Ukizidisha magadi au ukizidisha muda, ngozi ya nje ya tambi inayeyuka na utapata kitu cha utelezi chenye harufu ya sabuni. Nilishawahi kumwaga sufuria nzima kwa sababu hiyo. Kwa hiyo vipimo vya hapa chini vifuate, angalau mara mbili za mwanzo.

Vya kuandaa (watu watatu)

Kwa tambi:
- spageti nyembamba gramu 250, yaani nusu ya pakiti ya gramu 500
- maji lita 2
- beking soda vijiko 4 vya chai, au magadi ya mawe yaliyosagwa kijiko 1 cha chai
- chumvi kijiko 1 cha chai

Kwa rojo:
- nazi 1 kubwa
- dagaa wakavu, konzi moja
- ukwaju, kipande cha ukubwa wa yai dogo
- kitunguu maji 1, kitunguu saumu punje 4, tangawizi ya urefu wa kidole gumba
- manjano kijiko 1 cha chai kilichosawazishwa
- binzari nyembamba, ile wanayoiita pia uzile au jira, nusu kijiko cha chai
- pilipili mbuzi 1, nzima
- sosi ya soya kijiko 1 cha chakula
- mafuta vijiko 2 vya chakula

Juu yake: mayai 3, fungu dogo la mchicha, majani ya kotmiri, ndimu, na kitu chochote kikavu cha kutafuna. Mimi napenda muhogo mtamu uliokunwa kwa vipande vyembamba ukakaangwa hadi ukauke, kama wanavyoumwaga juu ya urojo. Usipokuwa na nafasi, chevda ya pakiti au krispi za viazi zinatosha.

Kuhusu magadi, nakuomba uwe makini. Kama hujawahi kutumia ya mawe, anza na beking soda. Ni safi na nguvu yake ni ndogo, ndiyo maana kipimo chake kinaonekana kikubwa. Magadi ya mawe yana nguvu zaidi na mara nyingi yana mchanga. Yasage, yakoroge kwenye kikombe cha maji ya moto, yaache dakika tano, kisha mimina yale maji ya juu kupitia kitambaa safi na uuache mchanga chini ya kikombe. Nunua kwa muuzaji wa vyakula, yale anayowauzia watu wa makande. Kostiki soda ya kutengenezea sabuni ni kitu kingine kabisa, inaunguza koo na tumbo, na haifai kukaa hata kwenye kabati moja na vyakula. Na mwenye shinikizo la damu ajue kwamba magadi ni sodiamu kama chumvi ilivyo. Apunguze chumvi na sosi ya soya, na tambi azisuuze vizuri.

Dagaa kwanza

Anza na dagaa, kwa sababu ndio wenye kazi ndogondogo nyingi. Baadhi ya rameni za Japani msingi wa supu yake ni niboshi, samaki wadogo wa jamii ya sadini waliochemshwa wakakaushwa. Wapishi wa kule wanavunja kichwa na kutoa utumbo kabla ya kuwachemsha, maana ndimo ulimo uchungu. Ukisikia hivyo unamkumbuka mama amekaa kwenye kigoda na ungo mapajani, anachambua dagaa kwa namna hiyohiyo.

Dagaa wa Kigoma ndio ninaowapenda kwa pishi hili. Ni wa jamii ya sadini, wana mafuta, na ladha yao inaingia kwenye nazi bila kelele. Dagaa mchele wa Unguja wanafaa pia. Wa Mwanza, ambao Kenya ni omena na Uganda ni mukene, wana harufu kali zaidi, na wakianikwa chini wanabeba mchanga. Waoshe kwa maji ya vuguvugu mara tatu na uwakaushe kabla ya kuendelea.

Vunja vichwa, toa ule weusi wa tumboni. Watie kwenye kikaango kikavu, moto mdogo, ukiwageuza kwa dakika tatu au nne hadi harufu ibadilike kutoka ya samaki mbichi kuwa kama ya karanga. Wakigusa weusi wameungua, anza upya. Wapoe kidogo, watwange kwenye kinu hadi wawe unga. Utapata kama vijiko viwili vya chakula. Mtu asiyependa dagaa atakula chakula hiki asijue wamo. Atakachokisikia ni mchuzi uliokolea.

Nazi na ukwaju

Loweka ukwaju kwenye nusu kikombe cha maji ya moto, uache.

Ikune nazi, mimina kikombe kimoja cha maji ya vuguvugu, kamua na uchuje: hilo ni tui zito, kasimele. Liweke pembeni. Rudia kwenye machicha yaleyale kwa vikombe vitatu vya maji. Hilo ni tui jepesi. Ukitumia tui la pakiti, pakiti ya mililita 200 iwe ndiyo tui zito, na badala ya tui jepesi tumia maji matupu vikombe vitatu. Litafaa, ingawa mimi bado nasikia tofauti.

Sasa ufikiche ukwaju kwa vidole hadi kokwa zibaki tupu, uchuje. Tenga kijiko kimoja cha chakula cha maji hayo kwenye kikombe kidogo. Tutakihitaji.

Teleka sufuria ndogo ya mayai wakati huohuo. Maji yakichemka, tia mayai taratibu kwa kijiko, hesabu dakika 7 kama unapenda kiini kizito kinachotiririka kidogo, kisha yatie kwenye maji baridi. Watoto wadogo, wajawazito na wazee wapikie dakika 10, kiini kikauke.

Kuunga rojo

Saga au twanga kitunguu maji, kitunguu saumu na tangawizi pamoja. Pasha mafuta kwenye sufuria pana, tia mchanganyiko huo na ukaange kwa moto wa wastani. Hapa usiwe na haraka. Mwanzoni utaona unatoa maji na kububujika. Endelea kukoroga hadi maji yakauke, mafuta yaanze kujitenga pembeni na harufu ya kitunguu kibichi iondoke. Ni kama dakika sita. Wengi wanaishia dakika ya pili, halafu wanalaumu nazi kwamba rojo limepwaya.

Tia manjano na binzari nyembamba, koroga nusu dakika tu. Manjano yakiungua yanakuwa machungu na hakuna tiba. Tia unga wa dagaa, geuza mara mbili, kisha mimina tui jepesi, maji ya ukwaju (isipokuwa kile kijiko ulichotenga) na sosi ya soya. Tumbukiza pilipili mbuzi nzima, bila kuipasua. Itoe harufu, isitoe moto wote. Acha lichemke dakika kumi kwa moto wa wastani.

Tui zito linaingia mwisho. Punguza moto hadi rojo litulie, limimine huku ukikoroga mfululizo bila kuacha. Ukwaju na moto mkali kwa pamoja vinalikata tui, na likikatika utaona mafuta juu na vijipunje vyeupe chini. Linalika, lakini uzito wake wa hariri umepotea. Likianza kutokota pembeni ya sufuria, epua. Onja sasa: kwanza linatakiwa liwe na uchachu, halafu nazi, halafu dagaa kwa mbali. Chumvi itie hapa na si kabla, kwa kuwa sosi ya soya na dagaa tayari wana chumvi yao.

Sitii unga wa ngano wa kulifanya rojo liwe zito kama wanavyofanya wapishi wa urojo. Tambi zenyewe zina wanga wa kutosha, na rojo jepesi linazipenya vizuri zaidi.

Kuchemsha tambi

Hatua hii ifanye rojo likiwa tayari, maana tambi za magadi hazisubiri.

Chukua sufuria kubwa kuliko unavyodhani unahitaji. Maji yakichemka kwa nguvu, tia chumvi, halafu beking soda kidogokidogo, kijiko kimoja kimoja (au yale maji ya magadi uliyoyachuja). Ukiimwaga yote mara moja maji yanafoka povu na kuzima jiko. Yakitulia, tia spageti, zisukume kadiri zinavyolainika, na koroga dakika ya kwanza yote ili zisishikane. Utaona maji yanageuka rangi ya chai hafifu na harufu inabadilika; ni harufu ya dukani, ile inayotoka ukifungua pakiti ya tambi za haraka.

Usiamini sana muda ulioandikwa kwenye pakiti. Kuanzia dakika ya sita vua uzi mmoja kila nusu dakika, uupoze, uung'ate. Unautafuta ule ukinzani katikati ya meno bila punje nyeupe ya ubichi ndani. Ukiupata, mwaga maji hapohapo, tia tambi kwenye chujio na uzisuuze kwa maji safi ya kunywa, ukizigeuza kwa mkono, hadi ule utelezi wa nje uondoke. Kisha zimwagie maji ya moto kidogo ili zipate joto tena, na uzikung'ute.

Kusuuza si hiari, na chakula chenyewe kitakuambia kama umefanya kazi nusunusu. Manjano hubadilika rangi yakikutana na magadi. Chota rojo kidogo umwagie tambi chache kwenye sahani nyeupe, uangalie. Likibaki na umanjano wake, umesuuza vya kutosha. Ukiona pale linapogusa tambi linapiga wekundu wa kutu, kama udongo wa Kilimanjaro baada ya mvua, magadi bado yapo. Zirudishe kwenye maji mara moja zaidi. Na kama umeshapakua bakuli zima ndipo ukauona wekundu, sasa chukua kile kijiko cha ukwaju ulichokitenga, nyunyiza, koroga. Uchachu unayazima magadi na umanjano unarudi mbele ya macho yako. Watoto wa dada yangu hunisumbua niwaonyeshe hilo kila wakija, na mimi huwaonyesha kwa sababu hakuna namna nyepesi zaidi ya kumfundisha mtoto kwamba uchachu na magadi ni mahasimu.

Kupakua

Mchicha usiupike peke yake. Ukatekate, uweke ukiwa mbichi ndani ya bakuli, tambi za moto juu yake, kisha rojo likiwa linatoa mvuke. Utanywea wenyewe ndani ya dakika moja na rangi yake itabaki ya kijani. Kama majani yamekomaa, yachovye kwanza nusu dakika kwenye maji yanayochemka.

Rojo lifike robo tatu ya kina cha tambi. Si mchuzi wa kuogelea na si wa kupaka. Weka yai lililokatwa nusu, kotmiri, na bonyeza ndimu. Muhogo mkavu umwage wa mwisho kabisa, bakuli likiwa tayari mbele ya mlaji, kwa kuwa ukikaa dakika tatu unalainika na maana yake yote inapotea. Pilipili mbuzi itoe sufuriani; anayetaka ukali aipasue kwenye bakuli lake.

Kula kwa uma na kijiko pamoja.

Ukitaka kubadilisha

Tambi za haraka za pakiti zinaweza kuchukua nafasi ya spageti. Hizo alizileta Momofuku Ando huko Japani mwaka 1958, na tangu hapo zimeenea dunia nzima. Soma nyuma ya pakiti: mara nyingi utakuta namba 500 na 501, ambazo ni kabonati za sodiamu na potasiamu. Maana yake magadi yamo tayari, usiongeze. Zichemshe dakika mbili kwenye maji matupu, mwaga maji, na kile kipakiti cha viungo kiache. Chumvi yake itafunika kazi yote uliyoifanya kwenye rojo.

Tambi za mchele nazo hazihitaji magadi, hazina protini ya ngano ya kukazwa. Zinafaa kwa asiyekula ngano, ingawa sosi nyingi za soya zina ngano ndani yake, kwa hiyo hapo achana nayo na uongeze chumvi.

Kamba wakipatikana, wamenye na uwatie kwenye rojo kabla tu ya tui zito. Dakika mbili, wakishajikunja na kuwa wekundu basi. Kuku wa jana aliyebaki mchambue nyuzinyuzi na umpashe ndani ya rojo. Nyama ya ng'ombe sikushauri, inataka muda na inapigana na dagaa. Asiyekula samaki atumie uyoga mkavu uliosagwa badala ya dagaa, kijiko kimoja na nusu, na aongeze sosi ya soya kidogo.

Huko Penang, Malaysia, wana laksa isiyo na nazi kabisa, ya samaki na ukwaju. Siku nazi ikiwa ghali nafanya hivyo: maji badala ya tui, dagaa mara mbili, ukwaju mara moja na nusu, na nyanya mbili zilizokunwa zinakaangwa pamoja na kitunguu. Ni chakula kikali zaidi, kizuri wakati wa mafua.

Ukibakiza, tenga rojo peke yake na tambi peke yake. Tambi zikilala ndani ya rojo zinalinywa lote na asubuhi utakuta donge. Zipake mafuta kijiko kimoja, zifunike, weka vyote kwenye friji, na uvimalize kesho yake. Rojo lipashe kwa moto mdogo ukikoroga hadi lianze kutokota, tambi zimwagie maji ya moto kwenye chujio, na muhogo ukaange mwingine.